"Kama Juu" Iliyotaka Kuuza Ng'ombe

Mwaka 1970, nikiwa na miaka kumi na tano, baba yangu alianguka kutoka kwenye paa la bani la kukaushia tumbaku, akavunjika kiuno, na shule yangu ikaishia hapo hapo, darasa la tano. Hakuna aliyeniita kuniuliza kama nataka kuendelea. Nilipewa jembe. Jembe likashindwa kulisha nyumba nzima, nikaenda Kibondo kubeba magunia kwenye ghala la chama cha wakulima. Nawaambia hili mapema msije mkadhani mnasoma maneno ya msomi. Kila ninachokijua kilianzia mgongoni ndipo kikapanda kichwani, na hakuna mtu aliyenilipia ada.

Nyinyi vijana wa ofisi za mikopo mna swali lenu moja hamchoki nalo. "Mzee, zamani bila kompyuta mlikuwa mnahesabuje?" Mnauliza huku mnacheka. Tulihesabu vibaya, kama nyinyi. Tofauti ni kwamba sisi kosa lilituchukua wiki nzima kulitengeneza, nyinyi mnalimaliza kabla chai haijapoa. Nusu ya maisha yangu nimesahihisha makosa ambayo wenyewe walishaondoka kwa uhamisho. Kazi hiyo haina sifa. Ukisahihisha vizuri, hakuna kinachotokea, na mtu hapewi zawadi kwa kitu ambacho hakikutokea.

Ofisini niliingia kwa sababu ya namba saba. Nilikuwa naandika idadi ya magunia ukutani kwa mkaa. Siku moja karani mkuu, Bwana Seif, akaingia ghalani, amevaa sweta juu ya sweta. Alikuwa mtu wa upande wa Tanga, serikali ilimleta kwetu milimani na baridi haikumpenda hata siku moja.

"Saba hii kaandika nani?"

"Mimi, bwana."

"Saba yako haifanani na moja. Nawa mikono, njoo ofisini."

Basi, huo ndio usaili niliofanyiwa. Nyinyi mnaenda na bahasha tatu za vyeti, halafu saba zenu zinafanana na moja.

Bwana Seif alikuwa na ulimi. Kiswahili chetu kilimchekesha. "Nyie Waha Kiswahili mnakitwanga kama muhogo," alisema. Nami nikamjibu, "Na wewe, bwana, unakinyonya kama pipi." Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akawa ananifundisha.

Ofisini kulikuwa na mashine ya kuhesabia, ya chuma, yenye mkono wa kuzungusha. Ukizidisha unazungusha, ukigawanya unazungusha kinyume, mwisho kengele inalia. Wakulima walikuwa wakisimama dirishani kuitazama. Mmoja akauliza, "Mashine hiyo inasaga nini?" Mwenzake akamjibu, "Inasaga sisi." Hakukosea sana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoangukia hata leo. Ukurasa wa mikopo una mistari mingi, kila mkulima na mstari wake: alichokopa, riba, jumla, makato ya msimu, salio. Kiwango cha riba hakiandikwi kwa kila mtu. Kinaandikwa mara moja tu, kichwani mwa ukurasa. Bwana Seif alinisimamisha mbele ya leja akaniambia, "Salio linatembea, riba imekaa kitako. Ukiichukua riba ukatembea nayo, umewaua watu."

Alikuwepo mwenzangu mmoja, Ntahondi, kijana wa Kasulu mwenye mkono mwepesi kuliko akili. Yeye alianza vizuri. Mkulima wa kwanza akamzidishia kwa kiwango cha kichwani, sawa. Wa pili, badala ya kurudi kichwani, akazidisha kwa namba iliyokuwa juu yake tu, yaani jibu la yule wa kwanza. Wa tatu kwa jibu la wa pili. Hivyo hivyo akateremka, anazungusha mkono, kengele inalia, anapiga mluzi. Deni likawa linanenepa kila mstari. Wa mwisho kwenye ukurasa alikuwa Zabuloni, mzee mwenye ekari moja na mguu mbovu, na huyo alitakiwa alipe kiasi cha kununua lori la chama pamoja na dereva wake.

Bwana Seif akauinua ukurasa dirishani. "Ntahondi, huyu Zabuloni umembebesha serikali nzima?"

"Mashine ndiyo imesema, bwana."

"Mashine haijui Zabuloni. Wewe unamjua."

Kuanzia hapo tukalazimishwa kidole cha kushoto. Kidole cha mkono wa kushoto kinakaa juu ya kiwango cha riba, hakiondoki mpaka ukurasa uishe, hata nzi akikutembelea usoni. Mkono wa kulia ndio unaoteremka.

Mjukuu wangu Editha yuko kwenye ofisi ya mikopo Kasulu mjini. Mwezi uliopita alikuja na kompyuta yake ya kubeba, uso umemshuka. "Babu, nimevuta fomula kutoka mstari wa kwanza mpaka chini, marejesho yote yamekuwa ya ajabu. Ilikuwa inateremka na kisanduku cha riba." Nikamuuliza amefanyaje. Akasema unaweka alama ya dola kwenye kile kisanduku, hakisogei tena. Alikwisha kujisahihisha, alikuja kunisimulia tu, tukacheka. Mimi dola sikuwa nayo. Nilikuwa na kidole.

Ila kosa la Zabuloni lilikuwa rahisi, maana lilipiga kelele lenyewe. Kosa baya ni lile lililonyamaza, na hilo ndilo nimekaa kuwaandikia leo ingawa macho yananiuma.

Tulikuwa na maneno yetu mawili ofisini: kama juu. Mkulima wa kwanza amechukua mfuko mmoja wa mbolea na jembe moja, unaandika yote kwa urefu. Wa pili amechukua vile vile, unaandika "kama juu". Wa tatu, "kama juu". Inaokoa wino, inaokoa mkono. Daftari la zamani lilipangwa mlima kwa mlima, jirani kwa jirani, na majirani walikuwa wanakuja pamoja kukopa vitu vile vile. Kwa hiyo maneno hayo hayakuwa na hatia.

Katikati ya miaka ya sabini watu wakashushwa kutoka vilimani kwenda kwenye vijiji vipya vya barabarani. Mliozaliwa jana mnaona vijiji vimenyooka kando ya barabara mnadhani vilimea hivyo. Watu walihamishwa na vyungu vyao, wengine wakatenganishwa na majirani wa tangu utoto, kila mtu akapewa kiwanja kwa mstari. Chama nacho kikataka daftari jipya, lifuate vijiji vipya, nyumba kwa nyumba. Wakaletwa makarani wa muda, wanalipwa kwa ukurasa. Wale hawakuwa wavivu. Walinakili kila mstari kama walivyouona. Palipoandikwa "kama juu", wakaandika "kama juu". Jina likahamia kijiji kipya na maneno yake mawili, lakini kile kilichokuwa juu yake kikabaki mlimani.

Daftari jipya lilipendeza kuliko la zamani. Halikuwa na doa. Bwana Seif akaweka sahihi huku lori linasubiri, muhuri ukapigwa, ikatolewa orodha ya wadaiwa sugu. Ambaye hakulipa, mifugo yake ingeuzwa gulioni. Mimi nikapewa baiskeli na hati za upande wa Gwarama, wakati huo kote huko ni Kibondo.

Jumatano nikafika kwa Mama Anastazia. Mjane, mfupi, mikono kama mizizi. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike jekundu, anamwita Bihogo, na ng'ombe huyo alikuwa na safari yake: mahari ya mwanawe Yohana. Wakwe walishakuja kutoka upande wa Kasulu kumtazama, wakampapasa mgongo, wakaridhika. Bila Bihogo hakuna harusi, na mjomba wa binti alishasema wazi kwamba kuna wengine wanaoulizia.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu Kiha.

"Mwakeye. Keti. Mtu wa chama akisimama mlangoni watu wanadhani nimeiba."

Nikakaa, nikasoma. "Plau moja na mnyororo wake. Mbolea mifuko kumi na miwili. Usipolipa kabla ya Jumamosi, ng'ombe anauzwa gulioni."

Alinitazama kwanza, kisha akacheka. "Plau? Nimfunge nani? Yohana?"

Yohana alikuwa juu ya paa anaezeka nyasi. "Mama, mimi sitaki!"

"Karatasi ndivyo inavyosema, mama," nikamwambia.

"Karatasi hiyo imewahi kufika shambani kwangu? Nilichukua mfuko mmoja na jembe moja. Jembe lile pale."

Niliwahi kusikia maneno hayo nyumba nyingi. Mdaiwa yeyote wa dunia hii alichukua mfuko mmoja. Nikafungua nakala ya ukurasa nimwonyeshe jina lake, tumalizane. Nikaweka kidole, nikasoma kwa sauti, "Anastazia Bitama, kama juu."

"Kama nini?"

"Kama juu."

Akageuka akatazama mlimani, kule walikoshushwa, moshi wa mashamba unapanda. "Juu ya wapi? Juu kule kwetu, au juu hapa barabarani?"

Yohana akacheka paani. "Mama, siyo mlima!"

"Nyamaza wewe, namuuliza mwenye karatasi."

"Ni juu kwenye karatasi, mama. Jina lililoko juu ya lako."

"Nani yuko juu yangu?"

"Bukuru."

"Bukuru!" Akapiga makofi mara moja. "Bukuru ana maksai. Bukuru nimemjua hapa barabarani, uzio wake na wangu. Kule kwetu juu yangu alikaa Veronika. Tulikwenda pamoja chamani, tukachukua mfuko mmoja mmoja na jembe moja moja, tukasaidiana kubeba njia nzima. Mimi mlinishusha hapa. Veronika mlimpeleka wapi?"

Vijana, nilikaa pale na ule ukurasa nisijue pa kuuweka. Nikateremsha macho. Chini ya Mama Anastazia kulikuwa na "kama juu" nyingine, na chini yake nyingine. Nyumba tatu za maskini zimebeba plau ya Bukuru. Nikauliza nyumba ya pili, mwenyewe akaniambia hajawahi hata kuigusa plau kwa mkono. Sikwenda ya tatu. Nilipanda baiskeli nikarudi Kibondo kwenye matope, na mvua ya huko kwetu mnaijua haimwonei mtu huruma.

Alhamisi asubuhi Bwana Seif alikuwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Nikamweleza. Akachukua daftari la zamani, akachukua jipya, akayalaza sambamba. Akafunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Chai ikapoa.

"Nimesaini hii," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Niliusoma ukurasa wa kwanza tu. Wa kwanza siku zote huwa mzuri."

Akaenda kwa meneja. Milango ya ofisi zetu ilikuwa ya mbao nyembamba, nilisikia yote. Meneja alisema orodha ilishatoka, ilishafika kwa madalali, na karatasi yenye muhuri haikimbizwi barabarani kama kuku. Kama kuna waliozidishiwa, watapunguziwa msimu ujao. Bwana Seif akamwambia, "Ng'ombe akishauzwa hana msimu ujao." Meneja akasema anayetaka kuitengua aitengue kwa jina lake. Bwana Seif akatoka, akavua sweta la juu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Namna ya kusahihisha ndiyo nataka muishike, mengine sahauni. Ntahondi alitaka tuanze kufuta kwenye daftari jipya. Bwana Seif akamzuia. Ukisahihisha juu ya kilichokosewa, unachanganya uongo na ukweli, kesho hujui kipi ni kipi. Tulirudi kwenye daftari la zamani, lile lenye madoa, na kabla ya kuhamisha jina hata moja tulijaza kila "kama juu" kwa maneno kamili pale pale lilipokuwa. Mfuko mmoja wa mbolea, jembe moja. Mfuko mmoja wa mbolea, jembe moja. Mpaka mkono ukafa ganzi. Jina likishabeba mzigo wake wenyewe, ndipo unaweza kulipeleka kijiji chochote, hata mwezini, halibadiliki. Kisha tukahakiki kutoka chini kwenda juu, mimi nasoma, yeye anatia alama. Ukisoma kutoka juu, mazoea yanakusomea. Na mkikuta watu wawili wanadaiwa sawasawa mpaka senti, msipite. Huenda ni kweli. Ulizeni kwanza.

Editha anasema hata kwao ni hivyo: kabla ya kupanga upya majina, unageuza zile fomula ziwe namba kavu. Sawa. Lugha imebadilika, ganzi ni ile ile.

Ijumaa Bwana Seif alikwenda msikitini akarudi mbio, tukamaliza ukurasa wa Gwarama na wa vijiji viwili vya jirani. Jumamosi tukapanda lori la chumvi.

Tulipofika gulioni Bihogo alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Mnunuzi, mfanyabiashara mwenye kofia, alishataja bei na dalali anaitangaza. Mama Anastazia amekaa chini karibu na kwato, kashika kamba kwa nguvu kana kwamba dalali hayupo. Kando kasimama mjomba wa binti, mikono nyuma, anatazama kama mtu aliyepita tu.

Bwana Seif akaingia katikati. "Ng'ombe huyu hauzwi."

Dalali akainua karatasi. "Nina muhuri hapa."

"Muhuri haujui kuhesabu."

"Na wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye sahihi hiyo hapo chini. Itazame vizuri, halafu nitazame ninavyoikata." Akaichukua karatasi mkononi mwa dalali, akapiga mstari kwenye jina lake mwenyewe mbele za watu.

Mwenye kofia akalalamika. "Mimi nimeshataja bei!"

"Hata mimi nilishasaini," Bwana Seif akamjibu. "Sote leo tumepata hasara, tuvumiliane."

Watu wakacheka. Kisha akafungua karatasi mpya akasoma, na kila mtu akamsomea mzigo wake wote, hakufupisha. Anastazia Bitama, mfuko mmoja wa mbolea, jembe moja. Anayefuata, mfuko mmoja wa mbolea, jembe moja. Mwanzoni watu walicheka jinsi anavyorudia kama kasuku. Baadaye kicheko kikakatika, maana kila jina lilipoitwa mtu mmoja alishusha mabega.

Mama Anastazia akasimama, akafungua kamba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Akamwambia Bwana Seif, "Mfuko mmoja na jembe moja nadaiwa. Hilo silikatai." Akalipa msimu ule ule, kwa tumbaku yake, na hakukopa tena mpaka anakufa. Mjomba wa binti akatembea nyuma ya ng'ombe mpaka nyumbani. Yohana alioa.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini Veronika alikuwa amepelekwa kijiji cha upande wa Rungwe Mpya, na gulio lao lilikuwa Alhamisi, siku ile ile tulipokuwa tunafungua daftari. Naye tangu mlimani aliandikwa "kama juu", na katika daftari jipya aliyekuwa juu yake ni mtu aliyekopa mabati na mbolea ya ekari nyingi. Mbuzi wa Veronika waliuzwa wote asubuhi. Hakuna aliyemsomea hati kwa kidole, naye hakuuliza, kwa sababu karani aliyempelekea alisimama mlangoni, akaiacha, akaondoka.

Chama kikamwandikia kwamba atalipwa kwa kupunguziwa mikopo ya mbele. Mikopo ya mbele hakuitaka. Baadaye vyama vikavunjwa, ofisi ikafungwa, Bwana Seif alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine, hakupandishwa wala hakushushwa. Barua ya Veronika ikawa haina wa kupelekewa. Mara mbili nilimpelekea mwenyewe maombi yake Kasulu, mara mbili nikaambiwa niache karatasi mapokezi. Alizeeka. Nilipopita kwake alinipa kiti na maziwa ya mgando, akaniuliza habari za watoto. Habari ya mbuzi hakuniuliza hata siku moja. Nilichoka kusubiri aniulize.

Mimi niliendelea na kazi ya vitabu kwenye maghala, viwanda vya kukoboa na shule ya misheni, mpaka macho yalipokataa. Sikuiba, sikusoma, sikumbembeleza mtu. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati, Kasulu. Shamba la kahawa, ekari mbili, lina hati. Shamba la muhogo na maharage, ekari mbili, halina hati bado. Ng'ombe jike mmoja na ndama wake. Baiskeli moja, haina breki ya nyuma. Redio. Miwani jozi mbili, za kusomea ndizo nzima. Miti ya mitiki niliyoipanda mwenyewe, sijaihesabu. Benki kiasi cha kuzikiwa bila kuchangisha. Mbuzi sina.